Ukurasa Uliobadilika Njiani

Ruphin alizaliwa Yanonge katika ukoo wa wavuvi, lakini tangu utoto mikono yake ilipenda nyaya kuliko nyavu. Leo ana miaka arobaini na minne, anatunza kompyuta za ofisi ndogo ya mtaa wa Makiso inayohifadhi vipimo vya miti ya msitu wa Masako. Watu humshukuru kwa kazi hiyo. Yeye humshukuru Mama Kaswera, mwenye kuingiza vipimo.

Mwaka jana vipimo vilianza kuharibika. Kila ukurasa wa data uliokwenda kwenye diski ulipigiwa hesabu ya uhakiki, namba ya kuonyesha kama haukubadilika, na sasa kurasa nyingine hazikulingana na hesabu zake. Ruphin alibadilisha diski, akabadilisha waya, wapi! Mwishowe akamgeukia Kaswera mbele ya wenzao.

"Mama, unagusa mafaili ya zamani."

"Miye? Sikugusa kitu, Papa Ruphin."

Hakumwamini.

Mwingine angenuna. Kaswera alichukua daftari, akaandika saa ya kila kosa, na baada ya wiki mbili akaliweka mbele ya Ruphin.

"Angalia. Inaharibika tu kama naandika na taa ya diski inawaka. Nikingoja izimike, bon, hakuna shida."

 Ruphin alifungua kerneli, moyo wa mfumo, unaotoa kurasa kwenye kumbukumbu na kuzipeleka kwenye diski. Sehemu inayoongea na diski ile aliiandika mwenyewe. Ilipiga hesabu ya ukurasa, ikaanza kuutuma. Papo hapo Kaswera akiongeza tarakimu, ukurasa ulibadilika njiani, hesabu ikabaki ya zamani. Ruphin hakuwa ameiambia kerneli izuie ukurasa kuguswa mpaka uishe kuandikwa. Mstari mmoja tu ulikosekana.

Aliuongeza. Kaswera akaandika kutwa nzima bila kujali taa. Mara mojamoja tarakimu zilikawia kidogo zikingoja ukurasa uandikwe, lakini hakuna ukurasa uliokataliwa.

Kesho yake Ruphin alisimama mbele ya wenzao walewale.

"Nilimusingizia huyu mama. Kosa ilikuwa yangu, na yeye ndiye aliiona. Mama Kaswera, unisamehe. Aksanti sana."

"Ilishaisha, papa. Sasa uniachie kiti, niko na miti mia mbili ya kuingiza."

Ruphin alicheka mpaka machozi. Jumapili hiyo alimpelekea Kaswera nyumbani kapu la samaki wa moshi, naye, badala ya kuagana naye mlangoni, akamketisha ale pondu, mboga ya majani ya muhogo, pamoja na watoto wa nyumba hiyo.