Urefu wa "Sasa Hivi"

Jumatano, tarehe 14 Juni 2023, mashine ya kukamulia alizeti ya kikundi cha akina mama wa Misigiri iliwashwa saa mbili na dakika kumi asubuhi. Saa tatu kasoro dakika nne ikakwama. Ilikuwa mara ya tatu wiki ile. Mwenyekiti, Mama Rebeka, hakuzungusha maneno: ikikwama tena kabla ya saa kumi jioni, fundi Elina aondoke, aletwe mwingine kutoka mjini.

Elina, mwenye cheti cha ufundi mitambo, aliifungua na kung'oa mashudu yaliyogandamana kwenye parafujo ya kukamulia. Mashine haikuwa na hitilafu; ilikuwa inazidiwa mbegu. Kila alipohisi mtetemo unabadilika, alimwambia Mzee Stanley, mmiminaji wa mbegu, "Acha sasa hivi!" Naye alijibu kwa adabu, "Sasa hivi, fundi," kisha akamalizia debe zima.

"Samahani, mzee wangu. Hiyo 'sasa hivi' yako ina urefu gani?"

"Inategemea. Mke wangu ametoka sasa hivi kwenda kwa dada yake. Atarudi sasa hivi."

"Ametoka lini?"

"Juzi."

Akina mama wakaangua kicheko. Elina hakucheka. Neno lile lilibeba juzi, likabeba na kesho. Lililokosa nafasi ndani yake ni sasa yenyewe. Hata ukisema "sasa" tupu, kabla hujaifikia silabi ya pili, ya kwanza imeshapita.

Akachukua spana. "Nikigonga chuma, mkono usimame ulipo."

"Hata debe likiwa hewani?"

"Hata likiwa hewani, mzee."

Saa nane na dakika ishirini, kiganja chake kikiwa juu ya fremu, mtetemo ukabadilika. Akagonga. Mzee Stanley akaganda, debe limeinama, mbegu moja ukingoni. Elina hakuiwaza asubuhi wala saa kumi. Palikuwa na kiganja na chuma, basi. Mtetemo ukatulia.

"Mimina!"

Saa kumi kamili mafuta yalikuwa bado yakitiririka. Vigelegele vikajaa chini ya bati, na Mama Rebeka mwenyewe ndiye aliyevianza.

"Fundi, haondoki mtu hapa!"

"Basi na mimi nishushe debe?" akauliza Mzee Stanley, debe jingine likiwa mikononi.

"Shusha, mzee."

"Nashusha sasa hivi."

Juni 2024 kikundi kilifunga mashine ya pili, Elina akiisimamia. Ile ya kwanza haikuwa imekwama tena hata mara moja.