Mitungi Iliyosafishwa Mara Mbili

Nimezaliwa Singida mjini, kwenye nyumba ya wenye duka, ambako pombe haikuingia hata kwa kutajwa. Nikaolewa Kinyangiri, na mama mkwe wangu akawa ndiye mpishi wa pombe ya mtama anayesifiwa mpaka Nduguti. Mungu naye ana utani wake. Sinywi, wala mama mkwe hajawahi kunilazimisha. Alichotaka kwangu ni pua. Yake ilikufa zamani kwa ugoro, na yangu ililelewa katikati ya magunia ya iliki na karafuu. Kwa hiyo kabla ya kumimina pombe aliniita nichungulie mitungi na kumwambia inanukaje.

Mwaka juzi pombe ilimgeukia, ikawa chachu kama siki. Majirani waliokuja kutuvunia mtama walionja, wakakumbuka kwamba wameacha mbuzi wao peke yao, wakaondoka mmoja mmoja. Kule humwiti jirani akuvunie halafu ukamlipa asante. Unampikia pombe, na pombe ikiwa mbaya shamba linabaki. Nusu ya mtama wetu ilivunwa na ndege wa kwelea kwelea, ambao hawakualikwa na hawakulalamika. Mwaka ule tulinunua unga dukani, na mama mkwe alikuwa akienda kuununua kwa njia ya nyuma ili asionekane.

Msimu uliofuata ukaja na ugomvi wake. Wifi yangu, ambaye ni muuguzi wa zahanati, alisema kosa lilikuwa mabaki ya pombe ya zamani yaliyojificha kwenye nyufa za mitungi, na tiba yake ni klorini. Mama mkwe akasema klorini ni ya choo. Mtungi unasafishwa kwa moshi: unatia makaa ya mti mgumu, unauzungusha, unaufunika mpaka ushibe.

"Na maji ya moto je?" nikauliza.

Walinitazama wote wawili.

"Maji ya moto ni ya chai," akasema mama mkwe. Nikarudi kuchambua mlenda wangu.

Siku mbili kabla ya kuvuna, mama mkwe alifukiza mitungi yote asubuhi, akaniambia, "Huyo wifi yako asijue, ataanza hotuba." Akapanda bodaboda kwenda mnadani. Hata vumbi halijatulia, wifi akatoka na ndoo yake ya klorini, akaiosha mitungi ileile, akaisuuza juu juu kwa sababu maji yalikuwa yakichotwa mbali. "Wifi, mama asijue. Nakuamini." Nilikuwa naaminiwa na kila mtu siku hiyo, na sitadanganya, nilifurahi sana. Mke wa mjini hapati siri mbili kwa siku moja.

Jioni mama mkwe aliniita.

"Inanukaje?"

Niliingiza kichwa, macho yakanitoka machozi. "Inanuka usafi, mama."

Akamimina pombe.

Moshi peke yake haukuwahi kuharibu pombe ya mama mkwe. Klorini ikisuuzwa vizuri nayo haina neno. Lakini vikikutana ndani ya udongo unaofyonza kila kitu, vinazaa harufu ya bandeji. Siku ya kuvuna wavunaji walifanya kazi mpaka jua likapanda, wakaja kivulini kunywa. Mzee wa kwanza akapiga funda moja, akalishikilia mdomoni, akalimeza kwa heshima ya nyumba.

"Mama," akasema, "hii si pombe. Hii ni sindano."

Wengine wakaonja. Mmoja akauliza kama tutawapa na kadi za kliniki. Walicheka, lakini niliona mikono ikitafuta visu vyao vya kuvunia ili waondoke, na shamba lilikuwa bado limesimama zaidi ya nusu. Juu ya mtama kundi la kwelea kwelea lilikuwa limeshaanza kuzunguka. Mama mkwe alimtazama wifi. Wifi akamtazama mama yake. Kila mmoja alijua alichokifanya, na sasa kila mmoja akaelewa alichokifanya mwenzake. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu nihamie pale, wakakubaliana jambo bila kubishana: wakageuka na kunitazama mimi.

"Mtusamehe," mama mkwe akawaambia wavunaji. "Ni mkono wa mkwe wangu. Mnamjua, wa mjini, kwao hata pombe hawaijui."

"Nilimwelekeza," wifi akadakia, "hakusikia."

Hasira ilinipanda mpaka masikioni. Nilikuwa na siri zao zote mbili mdomoni, na neno moja tu lingewaumbua mbele ya kijiji kizima. Nikawatazama wale ndege.

"Shikamooni, wazee wangu," nikasema. "Ni mimi. Nilidhani mtungi unasafishwa kama sakafu ya hospitali."

Walicheka hadi wengine wakakaa chini. Yule mzee akasema mtoto wa watu hafukuzwi kwa kosa la kwanza, akachukua kisu, akarudi shambani, na wenzake wakamfuata. Jua lilipozama mtama wote ulikuwa umelazwa chini.

Usiku huo tulikula kuku. Kwenye nyumba ile firigisi ni ya baba mkwe, na haijadiliwi. Mama mkwe aliitoa kwenye sufuria, akapita mbele ya mume wake aliyekuwa ameshanyoosha mkono, akaiweka kwenye sahani yangu. Niliitafuna polepole sana, wifi akiangalia.