Sensa ya Mkono wa Kreni

Karakana yetu ya ujenzi wa barabara ilikuwa nje kidogo ya Mfaranyaki, na mimi ndiye niliyekuwa fundi umeme pekee wa kike. Dereva wa kreni alikuwa Mngoni mtu mzima, mkongwe kazini kuliko sisi wote. Aliniita mwanangu, nami sikuwahi kumpita asubuhi bila shikamoo.

Kreni ile ilikuwa na sensa kwenye shina la mkono wake, kidude cha kumwonyesha dereva mkono umelala kiasi gani na kumpigia kengele ukizidi. Ukilala mno huku umebeba mzigo, kreni nzima huanguka. Sensa ya zamani iliingia maji wakati wa masika, na tangu hapo mzee alifanya kazi kwa macho na kwa kusikiliza injini. Meneja akatuagiza sisi wawili tuchague nyingine. Nilipomwambia mama kwamba nahangaika na sensa, aliuliza kama serikali inataka kuhesabu watu tena.

Enzi zile za soko huria wauzaji walikuwa wameanza kumiminika kutoka Dar es Salaam na mabegi yao ya sampuli. Mmoja alituachia sensa ya plastiki yenye kioo cha kupendeza. Mwingine alileta ya chuma, nzito, imezibwa pande zote, haina kioo wala urembo.

"Hii ya kioo inafaa sebuleni," mzee alisema. "Lakini tusibishane. Tuzitese."

Tukazifunga zote mbili kwenye greda lililokuwa likichonga barabara ya Namtumbo. Zikala vumbi jekundu, zikatikiswa kutwa, na jioni nikazimwagia maji na kuzipima. Ya plastiki ilianza kudanganya hata kabla ya kumwagiwa maji: naiinua, yenyewe inasema imelala. Ya chuma haikuyumba. Hata pale waya unapoingilia, mahali maji hupenda kupenya, palikuwa pakavu. Nilifurahi kana kwamba nimeitengeneza mwenyewe.

Siku tuliyoifunga kwenye kreni, mzee alishusha mkono polepole, na kengele ikalia palepale alipopataka. Akacheka.

"Sasa nitazeeka bila hofu."

Hakuzeekea kwenye kiti kile. Kampuni, iliyokuwa ya umma, iliuzwa. Tajiri aliyeinunua alikuja kukagua mali yake, akapanda kreni, akaisikiliza kengele, akauliza nani kachagua kifaa kile. Nikajitokeza kwa fahari, nikamwonyesha na mzee.

"Safi sana," alisema. "Kumbe mashine inajisemea yenyewe! Sasa dereva wa mshahara mkubwa wa nini tena?"

Alisema hivyo mzee akiwa amesimama mbele yake, kofia mkononi. Wiki hiyohiyo akawa miongoni mwa waliopunguzwa.

Nilimfuata tajiri ofisini. Nikamweleza kwamba sensa haijui udongo wa ukingo wa mto, haijui upepo, haimwoni mtu aliyesimama chini ya mzigo. Aliniambia kazi yangu ni nyaya, akarudia simu yake.

Dereva mpya aliletwa kwa sababu alikuwa rahisi. Kengele ilimkera, akaiziba kwa tambara. Nikilitoa asubuhi, mchana nalikuta limerudi.

Baada ya mavuno nilipanda basi kwenda Namtumbo, kijijini kwa mzee. Nilimkuta na mkewe wakitunga majani ya tumbaku kwenye kamba.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Watoto hawajambo?"

Aliuliza habari za watoto, za mama, za bei ya mbolea mjini. Habari za karakana hakuuliza. Mwishowe nikashindwa kuvumilia.

"Baba, ile sensa..."

"Tulichagua vizuri," alinikatiza. "Tulichagua vizuri mno."

Akainamia majani yake. Mkewe aliniletea kigoda na uji, nikanywa. Nilipoaga, ni mkewe aliyenisindikiza hadi barabarani.