Matokeo Tuliyoyarudisha Kuluba

Siku yangu ya kwanza kazini chuo kikuu ilianzia juu ya paa. Nilikuwa nimetoka kufundisha fizikia sekondari ya Koboko, mwanamke wa makamo, nikafika Arua, kaskazini-magharibi mwa Uganda, asubuhi na gauni jipya na mtandio niliopiga pasi, nikauliza ofisi ya Mkuu wa Kitengo cha utafiti iko wapi. Mlinzi akanyoosha kidole juu. Mkuu wangu mpya, Profesa, alikuwa amechuchumaa kwenye bati, anafuta kitu kwa kitambaa.

"Wewe ndiye mwalimu wa Koboko?" akaniita. "Panda! Ngazi iko upande huo."

Nikakaza mtandio nikapanda. Alinionyesha kikombe cha kioo kilichofunikwa, ukubwa wa nusu chungwa. Chini ya kioo kuna kibamba cheusi. Jua likikipiga kinapata joto, joto linazaa umeme kidogo sana, na umeme huo ndio unaokwambia jua la saa hiyo lina nguvu kiasi gani. Tulikiita kipimajua. Vumbi likitua juu yake kinadanganya, kwa hiyo Profesa alikifuta mwenyewe kila asubuhi, hata nywele zilipokuwa nyeupe zote.

"Mimi ni mtu wa jua," akaniambia. "Huko chini yuko mtu wa umeme na mtu wa kompyuta. Sote watatu hatujui mtoto anajifunzaje. Ndiyo maana tumekuomba wewe."

Tulielewana upesi. Yeye ni wa Adumi, mimi wa Koboko, lakini baba zetu wote wawili walikuwa askari na Kiswahili tulikikuta kambini kabla ya shule. Kwenye mikutano ya chuo tulisema Kiingereza kama wengine. Tukiwa wawili tulirudi kwenye lugha ya kambi.

Nyinyi vijana mnaoanza utafiti leo mnakuta kila kitengo kimechanganya fani, mnaona ni jambo la kawaida. Kwetu ilikuwa kama kuwaozesha wake wanne kwa mume mmoja. Mhandisi Ezati alikuwa mtu wa vipimo na bisibisi. Kwake kitu kikiwaka na kisipoungua, utafiti umekwisha. Candiru, binti wa Pajulu aliyefundisha kompyuta, alikuwa mdogo kuliko sote na mwepesi kuliko sote. Aliandika programu za masomo ya sayansi ambazo hazikuhitaji intaneti. Profesa alitaka miaka ya vipimo kabla hajafungua mdomo. Mimi nilikuwa nauliza swali moja tu, hadi wakanichoka: mtoto amejifunza?

Kazi yetu kubwa ya kwanza ilikuwa sanduku. Ezati alilitengeneza kwa bati: ndani betri na kidhibiti chaji, yaani kile kidude kinachozuia betri isijazwe kupita kiasi wala kukaushwa kabisa. Juu ya paa la darasa paneli ya sola. Mezani kompyuta ndogo chache zenye masomo ya Candiru. Shule isiyo na maabara ingeweza kuonyesha wanafunzi mwanga unavyopinda na umeme unavyopita, kwenye skrini. Wafadhili walilipenda sanduku lile kabla halijafundisha mtoto hata mmoja.

Mimi nikasema tusilisambaze kwanza. Tulipime. Shule kadhaa za Adumi, Pajulu na Kuluba zingepewa sanduku, hilo ndilo kundi la majaribio. Nyingine zinazofanana nazo zingeendelea kama zamani, hilo ndilo kundi la ulinganisho. Mwisho wa mwaka wanafunzi wote wafanye mtihani uleule. Bila hivyo utajuaje kama ni sanduku lililosaidia, au ni mvua nzuri na watoto walioshiba?

Kabla ya kuanza lazima wazazi wakubali. Kuluba tulikutana nao ndani ya darasa. Mwenyekiti wao alikuwa Mama Keji, mjane wa askari, muuza unga wa muhogo, mwanamke mwenye sauti ya kutosha soko zima. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mimi iko na swali," akasema. "Hii sanduku kama iko muzuri, kwa nini munanyima watoto ya shule ile ingine?"

"Kwa sababu bado hatujui kama ni nzuri, mama."

"Hamujui?" Akageukia wenzake. "Munasikia? Mutu ya chuo kikuu anatuletea kitu, na yeye mwenyewe hapana jua."

Watu wakacheka. Nami nikacheka, ingawa uso ulikuwa unawaka. Nikamwambia hiyo ndiyo kazi yetu, kutafuta kujua.

"Na mukipata kujua, mutarudi kutuambia? Ama mutaandika kitabu yenu mupeleke Ulaya?"

"Tutarudi."

"Hata kama jibu iko mbaya?"

"Hata kama ni baya."

Akaweka dole gumba la kwanza kwenye karatasi ya idhini. Wengine wakamfuata.

Mwaka ule nilizunguka sana. Koboko kwenda Kuluba, Arua kwenda Adumi, nikikaa nyuma ya madarasa nikiangalia. Niliona watoto wakishangilia skrini ikiwaka. Niliona walimu wakipiga picha. Candiru alikuwa na furaha kama mtu aliyejenga nyumba. Basi mitihani ikafanywa, tukasahihisha, tukaingiza alama kwenye kompyuta, na Candiru mwenyewe akabonyeza kupata hesabu.

Hapakuwa na tofauti. Shule zenye sanduku na shule zisizo na sanduku zilikuwa sawasawa. Na tulipotenganisha wavulana na wasichana ikawa mbaya zaidi: wavulana wenye sanduku walikuwa wamepanda kidogo, wasichana walikuwa wameshuka.

Candiru alirudia hesabu mara kadhaa. Mwisho akafunga kompyuta, akaweka kichwa mezani. "Nimewadhuru," akasema. Nilimshika bega tu.

Mkurugenzi wa Utafiti wa chuo akatuita. Hakuwa mtu mbaya, nataka mlielewe hilo. Alikuwa na vijana wengi ambao ajira zao zilitegemea wafadhili, na wafadhili walikuwa njiani kuja. Alisoma ripoti yetu, akavua miwani.

"Wapimeni wavulana peke yao, muandike matokeo yanatia moyo," akasema. "Si uongo. Wavulana wamepanda."

"Na wasichana, bwana?" nikauliza.

"Wasichana mtawaweka kwenye utafiti unaofuata."

Ezati alikuwa anaangalia viatu vyake. Profesa, ambaye mikutanoni hunyamaza hadi watu wanadhani amelala, akasema taratibu: "Bwana Mkurugenzi, siku ya mawingu mimi naandika mawingu. Nikianza kuandika jua siku ya mawingu, hata zile siku nilizoona jua kweli hakuna atakayeniamini."

"Profesa, wafadhili wataondoka."

"Wengine wataondoka," Profesa akakubali. "Tutabaki na ukweli wetu na paneli za Ezati."

Mkurugenzi alivaa tena miwani, akafunua ukurasa wa mwisho. Halafu akairudisha ripoti mezani, upande wangu. "Iacheni kama ilivyo. Lakini nyinyi wenyewe mtasimama mbele ya wafadhili. Na mbele ya hizo shule."

Mbele ya wafadhili haikuwa kazi ngumu. Walikunja uso, wengine wakatuaga, wengine wakasema watafikiri. Kuluba ndiko nilikokuogopa. Tulikwenda wote wanne. Wazazi walijaa darasa lilelile, safari hii na wanafunzi pia. Nilisimama nikawaambia bila kuzunguka: sanduku halikusaidia kama tulivyotumaini, na mabinti zenu limewarudisha nyuma kidogo. Nikasema tunasikitika.

Nilimtazama Mama Keji, nikajiandaa kwa lolote.

"Mumerudi," akasema. "Mimi nilisema hawa hapana rudi." Kisha akawageukia wasichana waliokaa ukutani. "Nyinyi ndio mulikuwa ndani ya darasa. Semeni. Ilikuwa namna gani?"

Wakasukumana viwiko. Mmoja, Poni, wa kidato cha pili, akasimama. "Madamu, wavulana ndio wanashika kibodi. Sisi tunaandika majibu. Wakimaliza wanafungua ukurasa mwingine, sisi bado tunaandika ya kwanza."

Nilikuwa nimekaa nyuma ya darasa lile mara nyingi. Kutoka nyuma niliona vichwa vyote vimeelekea skrini, nikafurahi. Mikono sikuiona.

"Na mwanzo wa mwaka," mwalimu mkuu akaongezea, "mashine inazimika katikati ya somo. Zamu ya sayansi ni baada ya chakula, na asubuhi madarasa mengine yamekwisha kuila betri. Inawaka kidogo, inakufa. Siku hizo tunarudi ubaoni, na muda umekwisha."

Ezati akaruka. "Haiwezekani! Nilipiga hesabu. Nilichukua kiwango cha jua kutoka ramani ya dunia, nikaongeza na akiba."

"Miezi gani inazimika?" Profesa akauliza.

"Ile ya kiangazi. Shule ikifungua tu."

Profesa akamtazama Ezati, na kwa mara ya kwanza nikaona mzee huyo ameduwaa. "Miezi hiyo kuna ukungu wa vumbi kutoka kaskazini," akasema, "na moshi wa nyasi zinazochomwa. Anga linaonekana jeupe, watu wanadhani jua ni kali. Lakini kwenye kipimajua linashuka sana. Ninayo miaka yote ya vipimo hivyo, Ezati. Iko kwenye chumba changu, ukuta wa pili kutoka kwako."

"Hukuniambia, Profesa."

"Hukuniuliza. Na mimi sikuuliza unatumia jua la nani."

Tukaanza kucheka, kwanza Candiru, kisha sote, na wazazi wakacheka kwa kuona wasomi wakichekana. Mama Keji akasema, "Basi sasa munajua. Rudieni." Halafu akainua kidole. "Lakini safari hii, ile shule mulinyima, hiyo ndio inaanza."

Tukarudia. Wafadhili wachache waliobaki walitutosha. Ezati alibuni upya paneli na betri kwa kutumia jua la Profesa, jua la kwetu lenye vumbi lake. Tuliweka kipimajua cha pili Kuluba, na wanafunzi wenyewe wakapewa kazi ya kukifuta, wakawa wanatuma vipimo Arua kwa simu ya mwalimu mkuu. Zamu ya sayansi ikahamia asubuhi. Candiru alibadilisha programu yake: watoto watatu kwa skrini moja, na somo halikusonga mbele hadi kila mmoja ashike kibodi kwa zamu yake na kujibu kwa jina lake. Mimi niliwafundisha walimu, na safari hii nilikaa mbele ya madarasa, pembeni, mahali ninapoona mikono.

Na zile shule za ulinganisho za mwaka uliopita ndizo zilizoanza kupata sanduku, kama Mama Keji alivyoagiza, na shule nyingine mpya zikasubiri kama kundi la ulinganisho.

Matokeo? Yalipanda. Si ya kupigiwa vigelegele. Tofauti ilikuwa ndogo, ila ilisimama kila tulipoipima, na kubwa zaidi ilikuwa kwa wasichana. Siku Candiru alipobonyeza kupata hesabu alifumba macho. Alipoyafumbua alitoka nje akazunguka jengo, akarudi na soda za sote. Mkurugenzi alikuja mwenyewe hadi kitengoni. Akaniambia, "Mama Hawa, ile ripoti ya kwanza, ile mbaya, ndiyo watu wanayoniomba sasa. Vyuo vingine vinataka kujua tulikosea wapi." Akawa anacheka peke yake akiondoka.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya kazi tu. Profesa alistaafu akarudi Adumi kulima. Ezati aliongoza kitengo, kisha nikaongoza mimi, na umri wangu ulipofika nikamkabidhi Candiru funguo. Sherehe ilikuwa fupi. Hotuba yangu ilikuwa fupi zaidi.

Sasa niko Koboko. Nina bustani ya mboga, nina wajukuu wanaoniletea hesabu za shule. Vijana huja kuniuliza utafiti ni nini hasa. Nawaambia ni kukubali kushindwa mbele za watu, kisha kubaki chumbani na kufanya tena. Nawaambia pia wamjue mtu wa chumba cha jirani anapima nini. Wengine huondoka wamekata tamaa kidogo, walidhani nitawapa siri. Wengine hubaki wakauliza zaidi, na hao najua watafika mbali.

Majuzi kitengo kilinitumia utafiti wao mpya. Nilivaa miwani nikausoma barazani. Vijana wawili wa Candiru wamepima upya kazi yetu ya Kuluba na wameonyesha kwamba utaratibu wetu wa watoto watatu kwa skrini haukuwa bora. Watoto wawili tu kwa skrini, wakiwa wanaelezana kwa lugha ya nyumbani, Kikakwa au Kilugbara, wanajifunza zaidi. Wameandika kwa adabu, lakini wametukosoa ukurasa mzima.

Nikampigia Candiru.

"Umeusoma, Mama?" Sauti yake ilikuwa ya kunyatia. "Umekasirika?"

"Hao watoto wako, darasa hilo wanalifanya siku gani?"

"Kesho asubuhi wako Kuluba. Kwa nini?"

"Waambie waniwekee kiti mbele," nikasema. "Nakuja kuona."