Mbunge Aliyekula Kwetu

Mama yangu anaamini kwamba mtu aliyekula bugali kwako hawezi kukusahau. Ndivyo alivyolelewa huko kijijini Kipese, na miaka yote ya mjini Butembo haijamfundisha vingine. Kwa hiyo mbunge wetu alipopita mtaani kwetu Bulengera kuomba kura, akaketi kwenye kiti chetu cha plastiki na kumaliza bugali na maharagi mpaka akalamba vidole, mambo yalikuwa yamekwisha. Mama alimwita mbunge huyo mtoto wake. Mimi nilimwita mgeni mwenye njaa, nikakemewa.

Wakati huo mama mdogo, mdogo wake wa pekee, alikuwa bado anaishi kijijini karibu na Beni, kwenye shamba lake la kakao. Watu wenye bunduki walikuwa wameua tena ng'ambo ya mto, nasi tulitaka ahamie kwetu. Lakini kakao ilikuwa inakaribia kuiva. Mama akampigia simu mbunge, na ajabu, akapokea. Alisema kikao cha wiki ijayo kitazungumzia ulinzi wa vijiji, na yeye mwenyewe atasimama aseme. Papo hapo mama akampigia mdogo wake.

"Ungoje kwanza," alimwambia. "Mutoto wetu atasema kule Kinshasa. Batatuma basoda balinde kijiji, kiisha utavuna kakao yako muzuri."

"Sawa, yaya," mama mdogo akamjibu dada yake mkubwa. "Nitangoja."

Siku ya kikao tulikaa jikoni na redio, mama akitwanga sombe, majani ya muhogo. Wabunge waliombwa wasimame dakika moja, wanyamaze kwa ajili ya waliouawa. Mama naye akaacha mchi, akasimama, akanivuta mkono na mimi nisimame. Tulikuwa wawili tu mbele ya redio iliyonyamaza, yeye na vipande vya majani kwenye vidole. Nilimpenda sana dakika ile.

Kisha waheshimiwa wakaketi, wakaingia kwenye suala la magari yao. Walilijadili mpaka sombe ikaiva, na sombe haina haraka. Mtoto wetu naye alisema, tena kwa ufasaha: barabara za kwetu ni mbaya mno, kwa hiyo mbunge wa kwetu anahitaji jeep yenye nguvu zaidi. Habari ya vijiji ikasogezwa hadi kikao kingine. Watu husema aliyeshiba hamjui mwenye njaa, lakini huyu alishibia kwetu! Nilikasirika, nikaizima redio.

Mama hakukasirika. Aliona aibu, na kwa aibu hiyo hakupiga simu Beni kumwambia mdogo wake asingoje tena, si siku ile wala kesho yake.

Siku ya tatu risasi zilifika kijijini. Kwa siku nne simu ya mama mdogo haikupatikana, na mama hakutia kitu kinywani ila chai. Baada ya siku hizo nne pikipiki ikasimama mlangoni. Mama mdogo alishuka na ndala moja, miguu imevimba. Jirani yake, aliyelima naye miaka yote, hakutoka kule akiwa hai.

Mama alimketisha, akaleta beseni la maji ya vuguvugu yenye chumvi, akapiga magoti kumwosha miguu.

"Unisamehe," alisema akilia. "Ni miye nilikuambia ungoje."

Mama mdogo akamwekea mkono kichwani.

"Hapana kulia, yaya. Bale badeputé ba kule Kinshasa, miye sibajue. Nilingoja sababu ni weye ulisema."