Nati ya Lori la Bluu

Mtaani wanamwita Mama Breki, na mgeni hudhani ni jina la kumtania mwanamke mnene asiyeweza kukimbia. Unene anao, hatubishani. Lakini jina amelitolea jasho: ndiye fundi wa breki katika gereji iliyo juu ya mteremko, ile yenye lango lisilofungika, na malori ya mchanga hayashuki bila kumpigia honi ya salamu. Kazi alifundishwa na mumewe, ambaye sasa ni marehemu, na pamoja na kazi akarithi sharti lake moja. Fundi aliyetengeneza breki ndiye anayepanda na dereva mara ya kwanza gari linaposhuka mteremko. Hakuna kutuma mtu. Kama umekaza vizuri, unaogopa nini?

Marehemu aliuawa na lori kwenye mteremko huohuo. Tuuseme ukweli wote, maana wapo wanaopenda kuupaka sukari. Asubuhi ya siku ile alimwambia dereva mmoja, tena mbele ya watu, kwamba breki zake zimekwisha na asithubutu kushuka. Dereva akacheka, akasema mteremko ule anaushuka hata akiwa amefumba macho. Jioni marehemu akirudi nyumbani kwa miguu, mkate kwapani, lori la dereva huyo likamkuta kwenye kona ya bomba la maji. Mahakama ikaona ni ajali. Dereva akarudi kazini na lori akalipaka rangi ya bluu, kana kwamba mjane angelisahau umbo lake.

Mama Breki akamsamehe. Jambo hilo liliwaudhi watu kuliko kifo chenyewe. Tena hakumsamehe kwa kuwa ana moyo laini, maana moyo huo hana na wala hajawahi kudai anao. Alimsamehe kwa sababu Bwana wake wa mbinguni aliagiza, na yeye si mtu wa kuchambua maagizo kama mchele. Alifunga mlango wa chumba, akapiga magoti kando ya kitanda ambacho sasa kilikuwa kikubwa mno, akasema kwa sauti: "Haya, chukua. Kulipiza ulisema ni kazi yako, basi kesi hii nakukabidhi. Lakini usidhani mimi sioni." Kesho yake akairudia sala hiyohiyo, kwa kuwa hasira ilikuwa imerudi na virago vyake vyote. Mpaka leo anairudia.

Mchungaji aliposikia akafurahi kupita kiasi. Akataka mjane na dereva washikane mikono madhabahuni, waumini waone.

"Mchungaji," Mama Breki akamjibu, "nimemsamehe chumbani kwangu, kwa tabu kubwa. Sitamsamehe tena kwa maikrofoni."

Mchungaji akakohoa, akatangaza wimbo.

Basi asubuhi moja lori la bluu likaingia langoni. Gereji nzima ikaacha kazi. Hata Cheche, mdogo wake marehemu, anayechomelea vyuma pale kwenye kona, alizima mashine na kuinua kinyago chake. Dereva akashuka, kofia mkononi.

"Mama, pedali ya breki inazama hadi chini."

"Mafundi wamejaa mjini."

"Wamejaa. Lakini wale wakishatengeneza wananipungia mkono tu. Hapa najua fundi mwenyewe anapanda na mimi."

Hebu ona jeuri hiyo! Maneno ya marehemu aliyapuuza akamuua, na sasa sharti la marehemu analifanya ngao yake. Damu ilimpanda Mama Breki hadi masikioni.

"Kutengeneza nitatengeneza," akasema. "Ila kupanda na wewe, labda nibebwe kwa machela."

Cheche aliyasikia maneno hayo vizuri sana, na ndiyo yaliyomponza.

Akamfuata hadi kwenye kabati la spana. "Shemeji, Mungu amekuletea mwenyewe mpaka mlangoni. Nati moja tu ya paipu ya breki, ilegeze kidogo. Huku juu atashika breki vizuri. Akifika katikati ya mteremko mafuta yatakuwa yameshavuja. Nani atajua?"

"Wewe umejua, mimi nimejua, na huyo Mungu unayemsingizia amekusikia. Nipishe."

"Kumbe kaka yangu alioa mwoga."

Hilo lilimchoma, tusidanganyane. Akamgeukia.

"Mwoga ni anayelegeza nati akajificha. Mimi nikitaka kumuua nitamfuata mchana kweupe na spana, aniangalie usoni. Na moyo wangu unataka, usidhani hautaki. Mimi ndiye nimekataa. Haya, nenda kachomelee."

Akaingia uvunguni. Alibadilisha paipu iliyooza, kisha ikabaki kutoa upepo kwenye breki, kazi ambayo ni lazima iwe ya watu wawili: mmoja juu anakanyaga pedali, mwingine chini anafungua nati ndogo hewa itoke. Wa juu alikuwa dereva.

"Kanyaga!"

"Nimekanyaga, mama."

"Shikilia!"

"Nimeshikilia."

Wakaenda hivyo gurudumu hadi gurudumu, mwanamke amelala chali chini ya lori lililomfanya mjane, akimwamuru aliyemuua mumewe, naye anatii kama mtoto wa shule. Mama Breki alilia kwa hasira. Machozi ya mtu aliyelala chali huingia masikioni, na hilo alilijulia hapo.

Alipomaliza akaenda kwenye bomba la gereji kunawa, na hakunawa haraka. Aliporudi, dereva alikuwa ameshawasha injini, na Cheche amesimama langoni anajipangusa mikono kwa kitambaa. Mama Breki hakumjali. Macho yake yalikuwa kwenye mlango wa abiria, ule ambao marehemu angekuwa ameshaupandia zamani huku akipiga mluzi. Ghafla akaona haya. Yaani mtu huyu alimnyang'anya mume, na sasa amnyang'anye na sharti la mumewe? Thubutu! Akashika chuma cha mlangoni, akajivuta juu, akaketi.

"Twende," akasema, bila kumtazama dereva.

Lori likajongea. Cheche akainua macho, akaona ni nani aliyemo. Kitambaa kikamdondoka. Akaruka mbele ya lori, mikono juu, sauti imempasuka.

"Shuka! Shemeji, shuka! Simamisha!"

Dereva akakanyaga breki, na kwa kuwa walikuwa bado kwenye tambarare, lori likasimama. Mama Breki akashuka, akalala chini na nguo zake zilezile, akaipapasa nati ya paipu kwenye gurudumu la nyuma. Ilizunguka kwa vidole, na mafuta yalikuwa yakidondoka.

Alipoinuka na spana mkononi, Cheche akarudi nyuma akijikinga uso.

"Shika," akamwambia. "Kaza."

Cheche akakaza. Akaongeza mafuta, akatoa upepo upya, shemeji yake amemsimamia kichwani. Dereva alikanyaga na kuachia kama alivyoamriwa. Alikuwa ameelewa.

"Sasa wewe ndiye uliyekaza," Mama Breki akamwambia Cheche. "Sharti unalijua. Panda."

"Shemeji, mimi nikae na huyu?"

"Mimi nitakaa katikati. Panda, au uondoke kwenye gereji ya kaka yako leo hii."

Wakabanana watatu. Lori likashuka, breki zikishika kila zilipoulizwa. Walipofika kwenye kona ya bomba la maji, Mama Breki akasema, "Simama." Lori likasimama palepale.

"Mama," dereva akasema, "nisamehe."

"Nilishakusamehe, usinichoshe. Ila sikiliza. Kesi yako sikuifuta, niliihamisha. Iko kwa Mungu, na huko hakuna atakayesema ni ajali. Kalilie huko, nafasi ungali nayo."

Dereva akalaza paji la uso kwenye usukani. Walimwacha hapo, wakaanza kuupanda mteremko kwa miguu, Mama Breki mbele, akihema kwa unene wake, Cheche nyuma na spana.

"Ningekuua," Cheche akasema hatimaye, analia.

"Ndiyo. Ungeniua."

"Na Mungu asipomlipa yule mtu, je?"

Mama Breki akasimama. Swali hilo analijua, amelala nalo miaka yote kwenye kitanda kile kikubwa.

"Basi nitamuuliza Mungu mwenyewe nikifika kwake," akasema, "na atanijibu, kaka yako akiwa pale anasikia. Na sitakubali majibu ya mkato. Lakini yeye hataniuliza habari ya nati, Cheche."

Akamnyang'anya spana, akaendelea kupanda.