Hoho Mkekani

Bibi yangu hakupokezana pilipili na mtu mkono kwa mkono. Aliiweka mkekani, nawe ukaiokota. Mkipeana, alisema, mtagombana. Nilipokuwa nyumbani Malindi likizo ya chuo kikuu, miaka ya themanini, nilikuwa nikimnyooshea makusudi. Alificha viganja ndani ya kanga akangoja hadi nichoke.

Daktari alikuwa amemkataza ukali wote, kwa vidonda vya tumbo. Kitoweo kikawa hakina maana kwake, isipokuwa kwa hoho alizozipanda nyuma ya jiko, akizimwagilia maji ya kuoshea mchele. Hiyo ndiyo ladha iliyomsalia. Mbegu alizitoa katika hoho iliyoiva ikawa nyekundu, akazichanganya na jivu, akazitunza kwa msimu mwingine.

Mimi bila pilipili kali sili, basi nikapanda miche yangu katikati ya yake. Akanikataza. Mkali, alisema, humharibu mpole. Nikacheka, nikamhubiria habari za chavua: nyama ya tunda ni ya shina lake, haibadilishwi na jirani. Na kweli, hoho za msimu ule zilikuwa tamu. Nilitafuna moja mbele yake hadi kikonyo.

“Haya, mume wangu msomi,” alinitania. “Umeshinda.”

Mwaka uliofuata nikamkuta amekonda. Hoho zilikuwa zimezaa tele, ila nyembamba, zimechongoka. Niliuma moja, ulimi ukawaka. Zilitokana na zile mbegu alizotunza, na ukali wa jirani ulikuwa umeingia humo. Nilikuwa nimemweleza tunda, mbegu nikaisahau. Miezi yote hiyo alikuwa akila wali kwa chumvi.

“Mbona hukunambia, Bibi?”

“Ungeacha mtihani uje kung’oa pilipili.”

Niling’oa zote, zangu na zake. Nikaenda Magarini kwa mkulima asiyepanda pilipili kali kabisa, nikamwomba hoho moja iliyoiva. Nilipofika nyumbani Bibi alikuwa ameketi mkekani. Akaiona, na kwa mara ya kwanza akaninyooshea kiganja.

Sikuamini mambo yale, wala leo siyaamini. Lakini niliinama nikaiweka mkekani.

Aliitazama, akanitazama mimi, akaiokota. Akaipasua, mbegu akazikung’utia katika pindo la kanga, akauma. Nikayachungulia macho yake kama yatalengwa na machozi.

“Tamu,” alisema, akanisogezea kipande kwa ncha ya kidole, juu ya mkeka.